Viganja Viwili vya Matembele

Mwalimu Theoneste Habumugisha alirudi nyumbani Chonyonyo mwezi Machi, wiki ya tano baada ya kupasuliwa moyo, akiwa na vali ya bandia, mshono wa sentimita ishirini na mbili kifuani, na mkoba wa dawa ambao hakumruhusu mtu yeyote ambebee. Alikuwa amekatazwa kubeba kitu kinachozidi kilo mbili. Mkoba alikuwa ameupima Dar es Salaam kabla ya kuondoka. Ulikuwa na kilo moja na gramu mia nne.

Mama yake, Nyiransabimana, alikuwa amesimama mlangoni tayari kumkumbatia. Placida, mke wa mwalimu, akawahi kuingia katikati.

"Shikamoo, Mama. Usimbane, mfupa wa kifua haujaunga."

Yule mama akairudisha mikono, akaishia kumshika mwanawe vidole. Akavigeuza, akazitazama kucha. Zilikuwa nyeupe zote kumi.

"Damu yako umeiacha wapi?"

"Nyingine imebaki Dar, Mama," Theoneste akajibu. Alidhani wanataniana. Yule mama hakucheka.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa tangu utotoni. Makoo yaliyomuuma akiwa darasa la kwanza na la pili yaliachwa yapone yenyewe, yakapona, lakini yakamwachia homa iliyoutafuna moyo taratibu kwa miaka karibu arobaini. Alipofikisha arobaini na saba hakuweza kuandika ubaoni mpaka mwisho wa mstari bila kupumzika. Madaktari wakaitoa vali iliyoharibika na kumwekea nyingine. Siku ya kuruhusiwa, daktari wa Dar alimkalisha na kumweleza mambo kwa namba, akijua anazungumza na mwalimu wa hisabati.

Damu, alimwambia, huiona vali ya bandia kama mgeni, na hutaka kuigandia. Kwa hiyo angemeza vidonge vya kuizuia isigande, kila siku, maisha yake yote, na angepimwa damu mara kwa mara. Namba ya kipimo ilitakiwa iwe kati ya mbili na nusu na tatu na nusu. Ikishuka chini ya mbili, donge laweza kujijenga kwenye vali, na likichomoka huenda kichwani. Ikipanda juu ya tano, damu huvuja popote inapopata mwanya. "Katikati hapo ndipo utakapoishi," daktari alisema. Kisha akaongeza jambo la chakula: majani ya kijani huvuta namba chini. Hakatazwi kuyala. Ayale kwa kiasi kilekile kila siku, ili dawa ipangwe kwa kiasi hicho.

Theoneste alisikia vizuri. Aliandika neno kwa neno kwenye daftari lake. Lakini safari nzima ya kurudi alilitafakari jiko la nyumbani kwake, na mama yake anayepika bila kijiko cha kupimia, leo fungu moja, kesho sufuria nzima kwa kuwa mvua imenyesha na mboga zimestawi. Kiasi kilekile kingekuwa ugomvi wa kila siku. Sifuri, aliwaza, ndiyo namba pekee ambayo mtu hawezi kuikosea. Alipofika tu alichukua karatasi na kalamu nyekundu, akaandika MBOGA ZA MAJANI MARUFUKU, akaibandika ukutani jikoni, akaenda kulala.

Nyiransabimana hakujua kusoma. Alimwita mkwewe.

"Inasemaje hiyo?"

"Inasema Mwalimu asile mboga za majani, Mama. Daktari amekataza."

"Hata dodo?"

"Mchicha nao, Mama."

"Hata isombe?"

"Kisamvu nacho, Mama."

"Basi si mseme tu arudi kunyonya."

Placida akacheka. Alikuwa mzaliwa wa Muleba, mwuza vitenge katika soko la Kayanga, na kwa miaka kumi na minane ya ndoa alikuwa amejifunza kuzicheka kauli za mkwe wake kabla hazijamkera. Tangu siku hiyo, yeye mwenyewe akapakua sahani ya mume wake. Ndizi, maharage, samaki, wali. Hakuna jani. Jambo moja tu aliliacha mikononi mwa mama mkwe: uji wa mtama wa saa nne asubuhi, kwa kuwa saa hiyo yeye yuko sokoni, na kwa kuwa uji haumo kwenye marufuku. Uji ulikuwa mzito na mwekundu, umechanganywa na maziwa. Theoneste aliunywa na kuandika: *uji, nusu lita*.

Siku zikaenda polepole. Wiki ya kwanza alitembea mpaka chooni na kurudi. Wiki ya pili mpaka kwenye mkeka wa kuanikia kahawa. Wiki ya nne mpaka barabarani, mita mia mbili na kumi, akiwa amekumbatia mto mdogo wa kukandamizia kifua endapo kikohozi kingemshika. Majani makavu ya migomba yalining'inia bila kukatwa na yeye akayatazama tu. Kila asubuhi alijipima kama donge halijampanda kichwani: alitabasamu mbele ya kioo aone kama mdomo umelegea upande mmoja, akainua mikono yote miwili, kisha akasema kwa sauti jedwali la kuzidisha la kumi na tatu. Alipofika mia moja hamsini na sita bila kukwama, aliiona siku imeanza.

Jirani yake Gaspari alikuja kumtazama na mkungu wa ndizi kwenye baiskeli. Walipokaa wakanyamaza kidogo, Gaspari akageuza shingo.

"Nini hicho kinachogonga?"

"Vali."

"Ya moyo?" Gaspari akasogeza sikio mpaka karibu na shati la mwenzake. "Mwalimu, umekwisha. Ukitaka kuiba mkungu wa mtu, mwenye shamba atakusikia ukiwa bado njiani."

"Sijawahi kuiba mkungu wa mtu."

"Ndiyo maana nakwambia umekwisha. Nafasi umeichezea."

Theoneste akacheka, kifua kikamuuma, akaukumbatia mto mpaka maumivu yakapita.

Shida ilianzia kliniki. Dar es Salaam, kwa miligramu tano za dawa, namba yake ilikuwa mbili nukta nane. Mwezi Aprili, hospitalini Kayanga, Daktari Rwegoshora alimchoma kidole, akakitazama kimashine chake, akasema mbili nukta moja. Akampandishia dawa kuwa miligramu sita. Baada ya wiki mbili namba ikawa moja nukta nane. Akampandishia kuwa saba na nusu. Ikawa moja nukta sita.

Rwegoshora alikuwa kijana wa Bukoba, mwepesi wa maneno. Alikiweka kimashine mezani.

"Mwalimu, unameza?"

"Nameza saa kumi na mbili jioni. Naandika kila kidonge." Akamsogezea daftari.

"Hata wanafunzi wako huandika kazi ambayo hawakuifanya."

"Mimi si mwanafunzi."

"Ndiyo hofu yangu. Mwanafunzi ningemchapa." Kisha akaacha mzaha. "Sikia. Kwa namba hii donge laweza kujijenga kwenye vali wakati wowote. Likishakaa, watakufungua tena, na mara ya pili si kama ya kwanza. Kuna kitu unakunywa? Mizizi? Unga wa mganga?"

"Sinywi uchafu huo."

"Mboga?"

"Sifuri."

Daktari akampandishia kuwa miligramu tisa na kumwandikia sindano za tumboni za wiki moja, za kumkinga wakati dawa ikipanda. Nyumbani Placida alimwaga vidonge kitandani akavihesabu mara mbili, mume wake akimtazama. Hesabu ilikuwa sawasawa. Hakuomba radhi, naye hakudai. Usingizi wa Theoneste ukapungua. Jedwali la kumi na tatu akawa analisema asubuhi, mchana na jioni.

Mwishoni mwa Mei namba ikafika mbili nukta sita. "Tumeipata," Rwegoshora akasema, akampa mkono.

Wiki ya kwanza ya Juni simu ikapigwa kutoka Nkwenda, Kyerwa. Anonciata, mdogo wake Nyiransabimana na wa mwisho kati ya ndugu zake waliobaki, alikuwa amefariki. Theoneste hakuweza kwenda, kwa kuwa ile barabara ingemtikisa kifua. Yule mama akafunga kitenge na blanketi, akasimama jikoni kwa muda, akamwambia mkwewe, "Uji wake usiukose." Alitaka kuongeza neno, akaliacha. Akaondoka.

Placida akawa anakoroga uji alfajiri kabla ya kwenda sokoni na kuuacha kwenye chupa ya chai. Siku ya sita Theoneste aliona doa la bluu kwenye paja, akakumbuka ameligonga kwenye meza. Siku ya nane mswaki ulitoka na damu. Siku ya tisa, saa nne na dakika kumi asubuhi, pua ilianza kuvuja.

Aliinamisha kichwa na kuibana pua kama alivyofundishwa, akatazama saa. Baada ya dakika kumi na tano aliachia, damu ikaja kama bomba lililofunguliwa. Akabana tena. Saa tano kasoro kumi shati lilikuwa limeloa mpaka kwenye mshono. Alikuwa peke yake. Alitembea zile mita mia mbili na kumi mpaka barabarani, na huko Gaspari ndiye aliyesimama katikati ya njia na kuisimamisha pikapu iliyopakia ndizi, akimtukana dereva na kumsihi kwa pumzi moja.

Namba ilikuwa saba nukta nane.

Walimziba pua, wakamsimamishia dawa, wakampa nyingine kidogo ya kuirudisha damu taratibu, wakamlaza. Choo chake kilitoka cheusi siku mbili, maana yake tumbo nalo lilikuwa likivuja. Siku ya tatu Rwegoshora alikaa ukingoni mwa kitanda. Placida alikuwa amesimama miguuni.

"Dawa haikubadilika," daktari alisema. "Kwa hiyo kuna kitu kilikuwa kinaivuta namba chini, tukawa tunaongeza dawa kushindana nacho. Sasa kitu hicho kimeondoka, dawa imebaki peke yake. Nini kimebadilika ndani ya siku hizi tisa?"

"Hakuna." Theoneste akafungua daftari. "Chakula ni kilekile. Ndizi, maharage. Uji, nusu lita, kila siku."

"Mama hayupo," Placida akasema.

"Mama si chakula."

"Mama ndiye anayekoroga uji. Mimi nimeukoroga siku tisa, na wewe uliniambia uji wangu haufanani na wake. Ulisema ni mweupe. Unga ni uleule, Mwalimu."

Daktari akalichukua daftari, akalifunga.

"Mwulizeni kwa upole. Kama alikuwa akitia majani, si mwisho wa dunia. Aache kabisa, sawa. Aendelee, sawa pia, mradi kiasi kiwe kimoja kila siku nami nikijue. Hata Dar nadhani walikwambia hivyo."

"Waliniambia hivyo," Theoneste akasema.

Placida akamgeukia. "Ulituambia wamekataza."

Kwa miezi mitatu mke wake alikuwa ameilinda sahani yake kwa amri ambayo daktari hakuitoa.

Nyiransabimana alirudi Alhamisi, siku moja baada ya mwanawe kuruhusiwa. Theoneste alikuwa ameyapanga maneno yake kama anavyopanga somo: kwanza tarehe, kisha namba, kisha swali. Alipotoka nje hakumkuta barazani. Alimkuta jikoni, bado ana vumbi la safari, amekwisha kuchuma matembele kwenye viazi vya ukingoni mwa migomba na kuyatia kwenye sufuria. Hakuyaficha.

"Pole na msiba, Mama."

"Tumeshapoa. Nimesikia ulilazwa. Placida amenipokea na habari barabarani. Pua." Akachochea moto. "Nilijua. Nilipofika Nkwenda nilimwambia marehemu pale alipolala, nimekuja kukuzika, na huko nyuma mwanangu anabaki bila damu. Siku tisa hukuyanywa maji yangu ya matembele kwenye uji, damu ikakukimbia."

Theoneste alisimama na somo lake limemponyoka. Mama yake alikuwa amechukua matukio yaleyale, kwa tarehe zilezile, akapata jibu lililokaa sawa kila upande. Alikunywa, hakuvuja. Aliacha, akavuja. Mwanafunzi angemletea hoja hiyo bila habari ya vidonge, angempa alama zote.

Akavuta kigoda, akakaa, jambo ambalo lilimchukua muda kwa sababu hakuruhusiwa kujiegemeza kwa mikono.

"Mama, unajua mashindano ya kuvuta kamba pale shuleni. Maji yako yalivuta upande mmoja, vidonge vikavuta upande wa pili. Daktari hakukuona. Aliona tu kamba inamshinda, akaongeza watu upande wake. Tena akaongeza. Ulipokwenda msibani uliiachia kamba."

"Wakaanguka."

"Nikaanguka mimi."

Maji yakaanza kuchemka. Yule mama aliyatazama yakibadilika rangi.

"Kwa hiyo nilikuwa nakuua."

Angeweza kukana. Neno moja lingetosha, na mwanamke huyu alikuwa ametoka kumzika ndugu yake wa mwisho, hata wiki mbili hazijatimia. Lakini akikana, kesho uji ungekuja mwekundu.

"Ulipokuwepo, damu ilikuwa karibu kuganda kwenye vali. Ulipoondoka nikavuja. Ndiyo, Mama. Ilibaki kidogo. Sasa sikiliza na upande wangu. Daktari hakukataza mboga. Alisema zipimwe, kiasi kimoja kila siku. Marufuku niliiandika mimi."

"Kwa nini?"

"Niliona hutaweza kupima."

Nyiransabimana akaitua sufuria chini. Hakupaza sauti.

"Ulikuwa na miaka miwili, tumbo linakuendesha siku ya nne, macho yameingia ndani. Sista wa misheni alinionyesha mara moja tu, mbele ya foleni ya watu: sukari kiganja, chumvi vidole vitatu, maji ya chupa kubwa ile. Akaniambia chumvi ikizidi mtoto anakufa, ikipungua haisaidii. Nilipima wiki nzima, mchana na usiku, kwa mkono huu." Akaufungua. "Hukuniambia kwa mdomo wako, Theo. Ulibandika karatasi ukaenda kulala. Nikasema hawa wamekosea na mtoto wangu ni mweupe, nitafanya ninachokijua."

"Nisamehe, Mama."

"Nisamehe wewe. Mimi ndiye nilikuwa naficha." Akaitazama sufuria. "Nimwage?"

Theoneste alilipima jambo hilo kwa uangalifu, kwa kuwa ndilo lililokuwa limebaki kuamuliwa. Sifuri ilikuwa imeshindwa. Ilishindwa kwa sababu ilimtaka mama yake amtazame akinyauka bila yeye kufanya lolote, na hilo hakuna karatasi ingemfanya alikubali.

"Ulikuwa unatia kiasi gani?"

"Viganja viwili vya kubana. Maji vikombe vitatu, yabaki kimoja."

"Kila siku?"

"Kila siku. Hata Jumapili."

Jibu hilo lilieleza kwa nini miligramu tisa zilikuwa zimefika mahali pake na kutulia. Mkono ule haukuwa umekosea hata mara moja. Akampigia daktari simu palepale, na daktari akapanga dawa upya, akaamuru apimwe baada ya siku nne, kisha nne tena.

Mara ya tatu mama yake alikwenda naye. Alikaa kwenye benchi la kliniki amevaa kitenge cha marehemu, akatazama kidole cha mwanawe kikichomwa.

"Shikamoo, Bibi," Rwegoshora akasema. "Viganja vingapi?"

"Marahaba. Viwili."

"Vya kubana au vya kulegeza?"

"Wewe mtoto, unafikiri nacheza? Vya kubana."

Kimashine kikatoa mbili nukta tatu. Daktari alisema bado kidogo, lakini sasa anajua anashindana na nani, akaongeza nusu kidonge kwa siku mbili za wiki. Kisha akamwambia yule mama, bila mzaha, kwamba yeye sasa ni sehemu ya dawa. Asisafiri bila kuaga. Akisafiri, Mwalimu apimwe siku ya tatu.

Walitoka wakatembea polepole kuelekea stendi, mama akienda kwa hatua za mwanawe.

"Nikienda Nkwenda kwenye arobaini ya marehemu, uje upimwe."

"Ndiyo."

"Nikienda popote."

"Popote, Mama."

Walifika mahali pa kupumzikia, akasimama kuvuta pumzi. Yule mama akasimama pia.

"Na ile safari ambayo mtu harudi?"

Theoneste alifikiri. Placida angeweza kuchuma na kupima, lakini kiganja chake ni kipana kuliko hiki, na namba isingebaki ilipo hata wiki moja. Hapakuwa na namna nyingine ya kuihesabu.

"Hiyo pia. Siku ya tatu."

"Matanga yatakuwa hayajaanuliwa."

"Nitawaaga watu, nije, nirudi."

Nyiransabimana akatikisa kichwa, akaonekana ameridhika na mpango.

"Basi uwahi," akasema. "Ufike saa moja, kabla foleni haijawa ndefu."